Eti mifupa ya Oldupai ni plasta ya wazungu? Wanafunzi wameniuliza, naomba tujadili kwa heshima

#1 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, nafundisha sekondari huku wilaya ya Karatu. Ni Mkristo, naimba kwaya, Jumapili sikosi ibada. Natanguliza hilo ili asije mtu akadhani nimekuja kupigana na dini yake.

Wiki iliyopita nilikuwa naanza mada ya mageuzi ya viumbe na kidato cha nne. Kabla sijaandika kichwa cha somo ubaoni, binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenye semina ya vijana tumeambiwa lile fuvu la Oldupai ni plasta, wazungu walilitengeneza ili kuleta watalii. Kwa hiyo kwenye mtihani tuandike uongo?" Darasa zima likanyamaza likinitazama. Nusu ya watoto wale wana baba au mjomba anayefanya kazi hifadhini, na Oldupai kwao si jina la kitabuni tu.

Sikumjibu palepale. Nilimwambia anipe wiki moja. Nimeitumia wiki hiyo kusoma upya, na yale niliyoyakuta ndiyo nayaleta hapa.

Aliyesema plasta hakuokota uongo hewani. Aliona kitu, akakielewa vibaya. Fuvu halisi la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ndilo hilo fuvu la Oldupai, na limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Linaloonyeshwa Oldupai kwenye kabati la kioo ni nakala, na nakala kweli hufinyangwa kwa plasta au kitu kama hicho. Nyayo za Laetoli nazo, zile alama za miguu za kale kwenye jivu la volkeno karibu na Oldupai, zimefukiwa upya tangu miaka ya 1990, kwa sababu mizizi ya migunga ilikuwa inazipasua, kwa hiyo mgeni anaonyeshwa nakala. Ni kama cheti chako cha kuzaliwa: ofisini unapeleka nakala, chenyewe kiko sandukuni kwa mama. Karani akiona nakala hasemi kwamba wewe hukuzaliwa.

Fuvu lilipatikana tarehe 17 Julai 1959. Aliyeliona ni Mary Leakey. Mumewe Louis alikuwa kambini amelala na homa. Meno yalikuwa yanachungulia kwenye mteremko, mvua imeosha udongo juu yake. Magego yake ni makubwa mno kulinganisha na ya kwetu, na ubongo wake ulikuwa zaidi kidogo ya theluthi ya ubongo wa mtu wa leo. Louis, kwa taarifa yenu, alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamisionari.

Tena waliookota mifupa hii kwa mikono yao, wengi ni watu wa huku. Taya linaloitwa LH 4, ambalo ndilo dunia nzima inalitumia kama kielelezo cha *Australopithecus afarensis*, aina ya kale zaidi ya watembea wima, liliokotwa Laetoli mwaka 1974 na Maundu Muluila. Taya la Peninj, karibu na Ziwa Natron, aliliona Kamoya Kimeu mwaka 1964. Wakenya hawa walitembea na jua la utosini miaka nenda miaka rudi, macho chini. Tunaposema mifupa imetengenezwa tunasema kwamba wao ni waongo, na Kutoka 20:16 inanikataza kumshuhudia jirani yangu uongo.

Msimamo wangu ni huu. Ukikataa tafsiri ya mfupa, hiyo ni haki yako na tutabishana. Ukikana kwamba mfupa upo, hapo umetoka kwenye imani, umeingia kwenye jambo lingine.

Karibuni.

#2 Mtumishi wa Shambani

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Umeongea kwa adabu na mimi nitakujibu kwa adabu. Mimi ni mchungaji, nina vijana kama 60 chini yangu, na sijawahi kuwaambia habari ya plasta. Ila nina mashaka na ninayo sababu.

Mwaka 1912 Waingereza walitangaza mtu wa Piltdown. Miaka 40 wasomi wakamtukuza, akaingia vitabuni. Mwaka 1953 ikajulikana ni fuvu la binadamu lililounganishwa na taya la orangutani, meno yamepigwa tupa, mfupa umepakwa rangi ili uonekane wa kale. Waliodanganya mara moja, kwa nini niwaamini mara ya pili?

Jambo la pili linaniuma zaidi. Mwaka 1906 kijana wa Kongo, Ota Benga, aliwekwa kwenye banda la nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaja kumtazama. Waliopiga kelele hadi akatolewa walikuwa wachungaji weusi. Mwaka 1916 akajiua kwa risasi. Nadharia hii ndiyo waliyoitumia kusema mtu mweusi yuko karibu na nyani. Babu yangu aliitwa nyani na bwana shamba wake. Leo mjukuu wake nisimame madhabahuni niseme ni kweli tulitokana na nyani, ila wote?

Na la tatu. Warumi 5 inasema dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja. Ukiniondolea Adamu umeniondolea kisa cha msalaba. Hilo siwezi kulibadilisha na gego.

Halafu vijana wangu huuliza swali jepesi: kama mtu alitoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo? Na hivyo vipimo vya kaboni vinavyotoa mamilioni ya miaka vinaaminika vipi?

#3 Nyundo ya Mawe

Nimesoma jiolojia, nafanya kazi migodini Geita. Naomba nijibu la vipimo tu, hayo mengine yana wenyewe.

Mtumishi, kaboni haitoi mamilioni ya miaka, na hakuna mtu wa fani hii anayeitumia hivyo. Nusu ya kaboni 14 huisha kila miaka 5,730. Ikifika miaka 50,000 hivi, kilichobaki ni kidogo mno kupimika. Anayekwambia Zinjanthropus alipimwa kwa kaboni hajasoma, awe anatetea au anapinga.

Kilichopimwa Oldupai si mfupa, ni majivu ya volkeno yaliyo juu na chini yake. Mawe ya volkeno yana potasiamu. Aina moja ya potasiamu, ile ya 40, hugeuka polepole sana kuwa agoni, ambayo ni hewa. Lava ikiwa uji wa moto, agoni inatoroka. Ikishaganda, agoni inayozaliwa inanaswa ndani ya chembe. Ukijua potasiamu iliyopo na agoni iliyonaswa, unajua jiwe liliganda lini. Nusu ya potasiamu hiyo huchukua miaka bilioni 1.25 kugeuka, ndiyo maana saa hii inafaa kwa mambo ya kale sana. Mwaka 1961 majibu yalitoka: miaka milioni 1.75. Louis Leakey mwenyewe alikuwa akikisia kama 600,000. Kama walikuwa wanapika majibu ya kumfurahisha bosi, wangepika hiyo 600,000.

Kuna ushahidi wa pili usiohusiana na agoni kabisa. Mwamba wa volkeno ukipoa, chembe za chuma ndani yake hulala zikifuata sumaku ya dunia. Sumaku hiyo imewahi kupinduka mara nyingi, kaskazini ikawa kusini. Mawe ya Oldupai yameshika kipindi kimoja ambacho sumaku ilielekea kama leo, katikati ya enzi ndefu ya kinyume chake. Kipindi hichohicho kinaonekana kwenye mashapo ya chini ya bahari, mbali kabisa na Afrika, na wanajiolojia wa dunia nzima wanakiita Olduvai. Jina la korongo letu. Ni kati ya miaka milioni 1.95 na 1.78 iliyopita.

#4 Mtumishi wa Shambani

Asante Nyundo, umeeleza nikaelewa, na la kaboni nalifuta. Lakini nimesoma kwamba lava ya Hawaii iliyomwagika mwaka 1801, watu wakiwa wanaona, ilipimwa kwa hiyohiyo potasiamu ikatoa mamilioni ya miaka. Na lile fuvu la kale la Kenya linaloitwa kwa namba yake, 1470, jivu lake lilipimwa mara ya kwanza likatoa zaidi ya miaka milioni 200! Baadaye milioni 2.6, baadaye tena chini ya milioni 2. Hiyo ni saa au ni kamari?

#5 Nyundo ya Mawe

La Hawaii ni kweli, na waliolichapisha ni wanasayansi wenyewe, mwaka 1968. Walikuwa wanachunguza vipande vya mawe ya zamani vilivyobebwa na ile lava bila kuyeyuka. Agoni yao haikutoroka. Ukipika uji mpya ukabakiza makoko ya jana sufuriani, makoko hayasemi uji wa leo umepikwa lini. Tangu hapo chembe hupimwa mojamoja, tena kwa njia inayoonyesha kama kuna agoni ya kurithi.

La 1470 namwachia yeyote wa Turkana aliyemo humu.

#6 Ngao ya Lodwar

Nipo. Mwalimu, hongera kwa huu uzi.

Kisa cha 1470 nakipenda kuliko vyote, tena anayestahili sifa ndani yake ni nguruwe. Koobi Fora, ng'ambo ya mashariki ya ziwa letu, kuna tabaka la jivu linaloitwa KBS. Sampuli ya kwanza iliyopelekwa Uingereza ilikuwa imechanganyika na chembe za mawe ya kale zaidi, ndiyo ikatoa hiyo milioni 200 na kitu. Wapimaji wenyewe wakaikataa, wakaomba sampuli safi, wakapata milioni 2.61. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo akaokota vipande vya fuvu 1470 chini ya jivu hilo. Richard Leakey, mtoto wa Louis na Mary, akafurahi: fuvu lenye ubongo mkubwa, la zamani kiasi kile, lilikuwa linamtukuza.

Sasa wakaja watu wa nguruwe. Nguruwe wa kale walikuwa wakibadilika magego haraka, na meno ya nguruwe wa Koobi Fora yalifanana na ya nguruwe wa bonde la Omo, Ethiopia, kwenye tabaka la miaka milioni 2 hivi tu. Wakasema: ama nguruwe wa Kenya waliwatangulia ndugu zao wa ng'ambo kwa zaidi ya nusu milioni ya miaka, ama kipimo kimekosea. Watu waligombana kweli, mpaka kwenye mikutano. Maabara nyingine zikapima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jibu likatulia kwenye milioni 1.88 hivi. Nguruwe walikuwa sahihi, na Richard akapoteza umri aliokuwa akiutangaza.

Mtumishi anaona kamari hapo. Mimi naona mtu mwenye jina kubwa akishindwa na meno ya nguruwe, na kushindwa kwake kukachapishwa kila mtu asome. Huku kwetu ni mara ngapi umeona mkubwa akishindwa hivyo hadharani?

Kuhusu Mvulana wa Turkana, yule nampigania binafsi, maana alilala kwetu Nariokotome. Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu Agosti 1984, rangi yake sawa na kokoto zilizomzunguka. Wakachimba, wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mtu mmoja. Meno yake yanaonyesha alikufa na miaka 8 au 9, na taya lake lilikuwa na usaha. Mtoto aliyeumwa jino miaka milioni 1.5 iliyopita. Ukimtazama kuanzia shingoni kushuka unaweza kumwita aje kula. Kichwani ndipo unasita, maana ubongo wake ulikuwa sentimita za ujazo 880 hivi, wakati wetu ni kama 1,350.

Mwaka 2006, Makumbusho ya Nairobi yakiwa kwenye ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya makanisa ya kiinjili kutaka mifupa hii isipewe nafasi ya mbele. Hakusema ni plasta. Alipinga kuwekwa kama ukweli usio na swali kuhusu asili ya watu. Mimi sikukubaliana naye, ila namheshimu, alijitokeza kwa jina lake na hoja yake. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008, na mifupa ipo.

#7 Bin Kisiwani

Assalaam alaykum. Niko Unguja. Nimesoma madrasa na nimesoma sayansi, na swali hili nimeishi nalo.

Sisi Waislamu wengi hatuna ugomvi na umri wa dunia. Qurani inataja siku ambayo kipimo chake ni miaka elfu, Suratu Sajda, na nyingine miaka khamsini elfu, Suratul Maarij. Na katika Suratul Ankabut aya ya 20 tunaamrishwa tutembee katika ardhi tuangalie vipi Mwenyezi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Hiyo ni amri ya kwenda Oldupai na macho wazi.

Ugumu wetu ni Nabii Adam, alayhis salaam. Tunaamini aliumbwa kwa udongo, bila ya baba wala mama, na Isa bin Maryam amefananishwa naye. Kwa hiyo mimi nasema hivi: wanyama kubadilika, sina neno. Viumbe waliotembea kwa miguu miwili kabla ya Adam, inawezekana, Mungu huumba atakacho. Ama kusema Adam mwenyewe alizaliwa na viumbe hao, hapo nasimama.

Lakini nawakumbusha ndugu zangu adabu ya wanazuoni. Iko hadithi sahihi kwamba urefu wa Adam ulikuwa dhiraa sitini, na watu wakaendelea kupungua. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 1449, katika kuisherehesha Bukhari aliandika kwamba hilo lina utata, maana makazi ya Thamud, kaumu ya kale inayotajwa katika Qurani, yanaonekana, na milango yake si ya watu warefu kuliko sisi kwa kiasi hicho. Hakuikana hadithi, na hakuyakana majumba. Alikiri kwamba hajapata cha kumwondolea utata. Laiti wahadhiri wetu wa leo wangekuwa na ujasiri ule wa kusema sijui.

#8 Muuguzi wa Ziwa

Nimekuwa nafuatilia kimya. Mimi ni nesi Mwanza, nitasema machache ya kazini kwangu.

Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wa seli mundu. Niliwahi kujiuliza kwa nini ugonjwa unaoua watoto umeenea hivi, badala ya kwisha wenyewe. Jibu lilitolewa mwaka 1954 na Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya: mwenye kurithi kwa mzazi mmoja tu hapati ugonjwa wenyewe, na anakingwa na malaria kali. Penye malaria huyo anapona na kuzaa, kwa hiyo mbegu hiyo ya urithi inabaki. Hayo ndiyo mageuzi, yanafanya kazi ndani ya damu yetu.

Klorokwini nayo mnaikumbuka. Iliondolewa kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikaja SP, na ilipofika 2006 tukahamia dawa mseto. Hatukuhama kwa kupenda. Vimelea vilivyostahimili ndivyo vilivyozaliana.

Na ziwani furu, mnawajua. Walikuwa aina kama 500 kabla sangara hajawamaliza wengi. Ziwa lenyewe lilikauka miaka 15,000 hivi iliyopita. Aina zile karibu zote ziko humu tu, hazipo ziwa lingine.

#9 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Nashukuru sana wote. Mtumishi, sikukusahau, nilitaka waliobobea watangulie.

Nyani bado wapo kwa sababu hatukutoka kwao. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Binamu si babu yako, na kuzaliwa kwako hakukumfanya afe. Sayansi inasema sisi na sokwe tuna babu wa pamoja aliyeishi miaka milioni kadhaa iliyopita, na huyo hakuwa sokwe wa leo wala mtu wa leo. Vitabu vyetu vya shule vina lawama hapa. Ile picha ya nyani anayenyooka hatua kwa hatua mpaka akawa mtu imepotosha watu wengi kuliko semina yoyote.

Piltdown ni kweli tupu, nami nimewasomea wanafunzi wangu kisa chote. Ila tazama nani alimuumbua: ni wanasayansi, kwa kupima florini ndani ya mfupa na kuangalia alama za tupa kwenye meno. Na tazama kwa nini alipokelewa kirahisi. Wengi Ulaya walitaka mtu wa kwanza awe wa kwao, tena mwenye ubongo mkubwa. Ndiyo maana mwaka 1925 Raymond Dart alipotangaza mtoto wa Taung, kutoka Afrika Kusini, mwenye ubongo mdogo aliyesimama kwa miguu miwili, walimpuuza kwa miaka mingi. Mfupa wa Afrika ulikuwa wa kweli ukakataliwa, na wa Uingereza ulikuwa wa kughushi ukakumbatiwa.

Hapo nagusa la babu yako, nalo nalisema kwa uchungu. Aliyemwita babu yako nyani alitenda dhambi, na waliomfungia Ota Benga walitumia jina la sayansi kutenda dhambi. Wachungaji waliopaza sauti walikuwa upande wa haki, hata kama nadharia yenyewe hawakuipenda. Lakini ni mifupa hii hii ya Oldupai, Laetoli na Turkana iliyoing'oa mizizi ile hadithi ya ngazi, mzungu juu na sisi chini. Imeonyesha kwamba watu wote duniani, na yule bwana shamba akiwemo, asili yao ni Afrika. Matendo 17:26 inasema Mungu alifanya kila taifa la wanadamu katika mmoja. Mimi nikisimama ukingoni mwa korongo mstari huo ndio unaonijia.

Hata Oldupai kwenyewe pamewahi kutokea kosa. Mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alipata mifupa ya mtu kwenye tabaka la kale sana. Wakabishana karibu miaka 20. Kumbe lilikuwa kaburi, watu wa baadaye walichimba wakamzika ndugu yao ndani ya udongo wa kale. Vipimo vikaja kutoa miaka 17,000 hivi. Tangu kisa hicho, kitu cha kwanza kinachoulizwa mfupa ukipatikana ni: je, ulilala na tabaka, au uliingizwa?

Sasa Adamu na Warumi 5. Hili ndilo swali zito, haya mengine ni magego na majivu. Sina jibu la kulifunga, na sitajifanya ninalo. Kanisa Katoliki, ambalo mimi si muumini wake, Papa Pius XII aliruhusu mwaka 1950 watu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akasisitiza roho hutoka kwa Mungu moja kwa moja, na suala la wazazi wa kwanza hakulilegeza. Tarehe 22 Oktoba 1996 Yohane Paulo II akasema nadharia hii sasa ni zaidi ya dhana. Ndugu Bin Kisiwani amesimama mahali pake na namwelewa, ingawa mimi sisimami hapo: nikimwangalia yule mtoto wa Nariokotome siwezi kuchora mstari nikasema huyu ni mwenzetu kuanzia hapa. Niliyo na uhakika nayo ni kwamba ninatenda dhambi na nimesamehewa. Hayo nayajua kwa maisha yangu, na hakuna jivu linaloyapima.

Na aliyetufundisha kusoma tabaka za mawe, kwamba la chini hutangulia la juu, ni Nicolaus Steno, mwaka 1669. Baadaye alikuja kuwa askofu.

#10 Mtumishi wa Shambani

Mwalimu, nimesoma usiku kucha, na mama mchungaji naye amesoma.

Nitasema wazi, sijabadilika kuhusu Adamu. Dada muuguzi, kimelea kimebaki kimelea na furu amebaki furu. Kutoka hapo mpaka mtu, kwangu bado ni mbali. Lakini kuhusu plasta umenishika. Katika vijana wangu wapo wanaolisema hilo na mimi nilikuwa naliacha lipite, kwa sababu lilikuwa linatusaidia upande wetu. Kuacha uongo upite kwa kuwa unanisaidia, hapo nimekosa. Jumapili hii nitawaambia.

Swali moja. Nyayo za Laetoli, nimeona picha, ni kama za kwangu nikitembea kwenye tope. Kwa nini nisiseme ni za watu kama sisi, basi?

#11 Chaki Nyeupe (mleta mada)

Mtumishi, ni swali zuri, na wasomi wenyewe bado wanabishana kuhusu jinsi walivyokuwa wakitupa mguu. Kidole gumba kimeelekea mbele kama chetu, kisigino kimezama kwanza kama chetu. Ila umri wake ni miaka milioni 3.66, na mifupa iliyookotwa palepale Laetoli, kama lile taya la Muluila, si ya watu kama sisi. Mwili wao ulikuwa mdogo, na ubongo haukuzidi sana wa sokwe. Inavyoonekana miguu ilitangulia na kichwa kikafuata, kinyume kabisa cha yale yaliyotarajiwa na wapenzi wa Piltdown. Mwaka 2016 timu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Fidelis Masao, ilitangaza nyayo nyingine karibu na zile za zamani, na mmoja wa waliopita alikuwa mrefu kuliko wote wa aina yake tuliowajua. Kwa hiyo hesabu haijafungwa.

Kuna jambo kuhusu mahali pale ambalo hata darasani nalisema polepole. Jivu lilipodondoka, mvua nyepesi ikafuata. Alama za matone zipo mpaka leo, vitobo vidogo kwenye mwamba. Wakapita sungura, kanga, twiga, na hawa watembea wima watatu. Wa tatu alikuwa akikanyaga ndani ya nyayo za aliyemtangulia, kama mtoto anavyofanya nyuma ya baba yake. Walipozifukia upya, kulifanyika ibada pamoja na wazee wa Kimaasai, kondoo akachinjwa, mahali pakawekwa chini ya ulinzi wa mila. Wazee wale hawakuhitaji kukubaliana na mtu yeyote kuhusu umri wa jivu ili wapaheshimu.

Yule binti nilimjibu jana. Nilimwambia mtihani unauliza wanasayansi wameona nini na wanaelezaje. Hilo uliandike kwa usahihi, huo si uongo, hata kama huamini maelezo yao. Akauliza, "Na wewe mwalimu unaamini?" Nikamwambia ninachoamini, mbele ya darasa lote, kama nilivyoandika hapa. Akaandika daftarini. Sijui aliandika nini, sikuchungulia.

Tunakwenda Oldupai na kidato cha nne mwisho wa mwezi. Basi litabaki na viti kumi na viwili. Ukija na vijana wako utapanda mbele pamoja nami, na ukingoni utawaombea safari wewe, kisha nitawaeleza tabaka mimi, kuanzia lile jekundu. Niandikie inbox idadi kabla ya Ijumaa ili niweke majina getini. Na waje na kitambaa cha kufunga puani, vumbi la kule baada ya kuteremka kreta si mchezo.